Mlango wa Defender ukigoma kutoka

Haji mmoja aliniletea Land Rover Defender 110 hapa Arua, Uganda, imetoka Koboko na vumbi jekundu limejaa hadi kwenye redio. Nguzo ya mbele upande wa dereva ilikuwa imeoza chini, inahitaji kuchomelewa, na huwezi kuchomelea pale mlango ukiwa bado unaning'inia. Tatizo ni kwamba fundi aliyeishika kabla yangu alikuwa ameshajaribu kuutoa. Skrubu mbili kati ya nne za bawaba zilikuwa na kichwa cha mviringo kama kikombe. Msalaba wa kuingizia bisibisi umelika wote.

"Kijana wangu, utaweza?" Haji akauliza.

Nikamwambia, "Haji, niachie gari siku mbili." Hakupenda. Alitaka saa mbili.

Siku mbili hizo ndizo kazi yenyewe. Skrubu ya bawaba haivunjiki kwa sababu ni dhaifu. Inavunjika kwa sababu umeigeuza kabla haijalegea, na kichwa chake ndiyo nafasi pekee uliyo nayo. Kikilika, kazi ya nusu saa inakuwa ya siku nzima.

Kwanza ujue kwa nini inashika. Milango ya Defender za zamani ina ngozi ya alumini juu ya fremu ya chuma. Alumini na chuma vikilala pamoja na maji yakiwa katikati, alumini inaliwa na kutoa unga mweupe. Unga huo unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyokuwepo, kwa hiyo unavimba na kuibana skrubu kama kabari. Kutu nyekundu ya upande wa fremu inafanya kazi hiyohiyo. Ongeza tope la msimu wa mvua lililokauka humo miaka mingi, basi.

Safisha kwa brashi ya waya na msumari mwembamba hadi uone mfereji wa kichwa chote. Usiruke hatua hii. Ncha ya bisibisi ikikaa juu ya uchafu, inashika robo tu ya kichwa, halafu unalaumu skrubu. Ukishasafisha, toa kitambaa cha ndani cha mlango na uchungulie nyuma ya kila skrubu. Kama kuna nati unayoifikia, mimina mafuta upande huo pia na uishike kwa spana utakapogeuza.

Mafuta ya kupenya kutu ya kopo yanafaa. Mimi hutumia mchanganyiko wangu: asetoni nusu, mafuta ya gia ya otomatiki nusu. Vinatengana, kwa hiyo tikisa chupa kila unapotumia. Asetoni inawaka haraka sana na inakula rangi, basi weka tone kwa tone kwa sindano ya hospitali isiyo na ncha, na usivute sigara karibu. Asubuhi, mchana, jioni. Kila ukiweka, gonga kichwa mara kumi kwa nyundo ndogo, kwa unyoofu kabisa. Si kwa nguvu. Mtikisiko ndio unaovunja unga na kuyaruhusu mafuta kuingia. Acha ilale usiku.

Kesho yake, kabla ya kugusa skrubu yoyote, chora kwa msumari mstari kuzunguka bawaba ili uone ilikokaa. Utashukuru wakati wa kurudisha. Fungua mlango, weka jeki chini yake na ubao juu ya jeki, na kipande cha zulia juu ya ubao. Pandisha hadi mlango uguse tu. Ukipandisha zaidi unaibana skrubu upya, ukiacha chini uzito wote unaning'inia kwenye skrubu ya mwisho. Kisha fungua mkanda unaozuia mlango usifunguke kupita kiasi, na kama kuna waya wa dirisha au wa kufuli, uchomoe. Nilishawahi kuvuta mlango na waya zake, na mwenye gari alikuwa amesimama hapo hapo. Sitasema zaidi.

Sasa bisibisi ya kugonga. Hii ndiyo zana iliyoniokoa kwa Haji. Ni kipande kizito cha chuma, unashika katikati, unagonga nyuma kwa nyundo, na ndani kuna mfumo unaogeuza ncha huku ukiisukuma ndani. Bisibisi ya kawaida ukiigeuza kwa nguvu inaruka nje ya msalaba, na kila kuruka ni kipande cha kichwa kimekwenda. Hii hairuki kirahisi, kwa sababu nyundo inaisukuma ndani. Chagua ncha mpya inayokaa sawasawa. Kama kichwa kimeanza kulika, paka pesti ya kusagia vali kwenye ncha. Chembe zake zinang'ata chuma.

Nikagonga ya juu. Pigo la kwanza, hakuna. La pili, hakuna. La tatu nikasikia "taki!" kavu, kama mtu anavunja kuni, na mstari mweupe mwembamba kama unga wa mhogo ukatokea kuzunguka kichwa. Hapo ndipo wengi wanaharibu: wanaizungusha ikitoka moja kwa moja. Usifanye hivyo. Geuza robo nje, rudisha kidogo ndani, weka mafuta, geuza tena. Ukisikia inakuwa ngumu tena, rudi. Nyuzi za skrubu zikijaa unga zinakaba na skrubu inakatika ndani.

Joto nalo lipo, lakini kwa heshima. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo ukipasha alumini polepole, tundu linapanuka kuliko skrubu na inalegea. Lakini alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka kama chuma kinavyofanya. Inayeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi bila kukuonya kwa rangi, na ngozi ya mlango ni nyembamba. Tumia bunduki ya hewa moto, si gesi, toa mpira na plastiki kwanza, na usipashe mahali ulipomwaga asetoni hadi pamekauka kabisa.

Zile mbili zilizolika sikuzipigania. Nilipiga nukta katikati kwa patasi yenye ncha, nikatoboa kwa drili ndogo, kisha kubwa iliyozidi kidogo shina la skrubu. Kichwa kiliruka chenyewe na kukaa kwenye drili kama pete. Usitoboe zaidi ya kina cha kichwa, utaharibu bawaba. Mlango ukashuka kwenye jeki, tukaubeba watu wawili. Mashina yaliyobaki yakawa nje kidogo, nikayashika kwa koleo la kujifunga, nikarudia yale yale: robo nje, robo ndani. Moja lilitoka. La pili lilikatika, nikalitoboa lote na kukata nyuzi upya.

Baada ya kuchomelea nguzo, nilipaka rangi mahali palipobaki chuma tupu. Kati ya bawaba na ngozi ya mlango nikaweka gasketi niliyokata kwenye tyubu ya baiskeli, ili metali mbili zisigusane, na kila skrubu mpya nikaipaka grisi kwenye nyuzi. Skrubu mpya si ghali. Za zamani usizirudishe hata kama zinaonekana nzuri. Weka zote kwa mkono kwanza, linganisha mlango na ule mstari wa msumari, ndipo ukaze, juu na chini kwa zamu.

Haji alikuja siku ya pili jioni, akafungua na kufunga mlango mara tano bila kusema neno. Nikamwambia ukishasafiri na kurudi Koboko, nipitie nikazie tena, kwa sababu barabara ile inalegeza kila kitu. Alirudi wiki iliyofuata, skrubu ya chini ikakubali karibu nusu mzunguko.