Omena, managu na vidonge vyangu

Natumia ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU, na kwangu Kisumu vitamini huanzia sokoni Kibuye, si kwenye chupa. Omena (dagaa wadogo) nachagua zilizokauka vizuri, zinazong'aa. Ziloweke kwenye maji moto, uzisugue kidogo mchanga utoke, kisha kaanga na kitunguu na nyanya. Unazila na mifupa yake, ndiyo maana zina kalsiamu, pamoja na madini ya chuma na zinki.

Managu (mboga ya mnavu) osha kabla ya kuchambua na kukata. Usichemshe ukamwaga maji; foleti na vitamini C huenda nayo. Uchungu? Tia maziwa. Ukikamulia limau sahanini, mwili hufyonza chuma cha mboga vizuri zaidi. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina vitamini A tele, ila vile vyeupe havifikii hapo.

Sasa vidonge. Kama ARV zako zina dawa iitwayo dolutegravir na umepewa vya chuma au kalsiamu, meza pamoja ukila chakula. Tumbo tupu? Meza ARV masaa mawili kabla ya vidonge hivyo vya chuma au kalsiamu, au masaa sita baada ya kuvimeza. Dawa ya kiungulia yenye magnesiamu au aluminiamu itenganishe hivyo hivyo, hata ukiwa umekula. Mwambie nesi unazitumia.