Kumfunza mhandisi mpya wa mifumo kwa bajeti ya umeme ya setilaiti

Mwanagenzi usimwanzishe na marundo ya nyaraka. Mpe bajeti ya umeme, yaani hesabu ya umeme unaoingia na unaotumika, kwa sababu haiwezi kukamilika bila yeye kubisha hodi kwa kila idara. Mfano unaofaa ni setilaiti ya mchemraba wa sentimita 10, aina ya 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoachiwa angani mwaka 2018.

Hatua ya 1: umeme unaoingia. Katika kimo cha kilomita 400, mzunguko mmoja ni dakika 92, na hadi 36 ziko kwenye kivuli cha Dunia. Upande wenye seli mbili za sentimita za mraba 30 kila moja, ufanisi asilimia 29, hutoa wati 2.4 jua likiupiga wima. Hapa wengi huzidisha kwa pande zote sita. Mpe boksi na tochi: ataona mwanga haufiki pande zaidi ya tatu kwa wakati mmoja. Setilaiti inayobiringika hupata wastani wa pande 1.5. Ondoa kivuli na upotevu wa asilimia 15. Zinabaki wati 1.8.

Hatua ya 2: matumizi. Kompyuta wati 0.4 na kipokezi 0.2, muda wote. Katika kila mzunguko, transmita wati 3 kwa dakika 10, kamera wati 2 kwa dakika 5. Wastani ni wati 1.04, ongeza asilimia 20 za tahadhari, upate 1.25. Transmita aipime mwenyewe mezani. Karatasi ya mtengenezaji mara nyingi hutaja nguvu inayotoka kwenye antena, nayo inayovutwa kwenye betri huweza kuwa mara tatu yake.

Hatua ya 3: betri. Kivulini, transmita ikiwaka, hutumika watisaa 0.86. Betri ya watisaa 10 inatosha, na isitumike zaidi ya asilimia 20 ya uwezo wake, maana itapitia mizunguko 5,700 kwa mwaka. Kuchaji lithiamu chini ya nyuzi 0 huiharibu. Akaulize mhandisi wa joto.

Hatua ya 4, ndiyo yenyewe: badilisha sharti katikati ya kazi. Kamera sasa inataka dakika 20. Atakokotoa wati 1.63 na kusema inatosha. Muulize picha hizo zitashukaje. Transmita nayo ikihitaji dakika 20, kwa kituo cha pili cha ardhini, jumla inafika 2.02, juu ya wati 1.8 zinazoingia, na bajeti imevunjika. Asirudi na "haitoshi" tupu: alete dakika zipi zimepunguzwa, na jina la aliyekubali kuzipunguza.