Tezi ya mama, chumvi na vumbi la sofa

Wamama, na nyinyi mnapanga kuwa wamama, leo tuongee tezi, ile iko mbele ya shingo. Watu wakiisikia wanafikiria goita tu. Lakini mtoto akiwa tumboni, tezi yake haianzi kutoa homoni mpaka karibu wiki ya 12, na hata hapo inajikokota hadi ya 18 ama 20. Ubongo hauzingojei hizo wiki, unajengwa na homoni ya mama. Ukianza kliniki mimba ikiwa miezi mitano, kuna kazi ishapita.

Kwanza chumvi. Nunua ya paketi yenye imeandikwa iko na iodini, alafu uiweke kwa mkebe wa kufunika. Jikoni nyingi naikuta kwa kibakuli wazi kando ya jiko, imelowa mvuke mpaka imeshikana, na hapo iodini inapotea pole pole. Itie chakula kikikaribia kuiva. Na usizidishe ati ndio upate iodini mob, presha inakungoja.

Pili, kama unameza levothyroksini, ile tembe ya homoni ya tezi, usiiache ukishika mimba, kimbia kwa daktari juu mara nyingi dozi inaongezwa. Tembe za madini ya chuma za kliniki ziachanishe nayo masaa 4, zikikutana dawa hainyonywi vizuri.

Tatu, kemikali. Moshi wa sigara uko na thayosayaneti, inazuia tezi kuchukua iodini. Zingine zinafanana na homoni yenyewe, kama PCB, za mafuta ya transfoma za kitambo, na zile za kuzuia moto kwa sponji. Kadhaa za hizi za sponji zilipigwa marufuku 2009 na Mkataba wa Stockholm, ule wa nchi nyingi kuhusu kemikali sumu, lakini sofa ya kitambo bado iko sebuleni, sponji inasagika inakuwa unga wa manjano chini ya kiti, na hapo ndio mtoto anatambaa. Pangusa na kitambaa chenye maji, usifagie kavu. Wakichoma nyaya karibu na kwako, toka hapo, moshi wake uko na sumu kama hizo.

MASWALI

Mama Brayo: Sukuma wiki si inaharibu tezi? Sisi ni kila siku!
Jibu: Ya kupikwa kula tu, bora iodini iko. Chunga zile juisi za sukuma mbichi kila asubuhi.

Shosho wa Kayole: Mjukuu analala sana, manjano haiishi, sauti nzito.
Jibu: Shosho, mpelekeni leo, muombe apimwe TSH, kile kipimo cha damu cha tezi. Kama ni tezi, dawa ikianza ndani ya wiki 2 za kwanza baada ya kuzaliwa inaokoa ubongo sana, na hata kama zimepita msingoje. Msiseme ni mtoto mpole.

Kelvo: Na baba?
Jibu: Fegi, Kelvo. Hata ya kwa dirisha.