Kumpangia chakula mgeni anayekaa Kigoma: lini umpe chetu, lini umpe cha kwao

Mgeni wa siku mbili anayepita kwenda hifadhi za Gombe au Mahale hasumbui jiko. Kazi iko kwa anayekaa: mtafiti, daktari, mwalimu wa mkataba, mfanyakazi wa shirika linalohudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Huyu atakula mkononi mwako kwa miezi, na wiki ya kwanza ndiyo wapishi wengi huharibu. Wapo wanaomlisha chipsi mayai kila siku wakiamini hakuna kingine atakachoweza. Wapo wanaomjazia mawese siku ya kwanza ili aone ukarimu. Wote huishia kumwaga mabaki.

Mpango unaofaa ni huu: asubuhi mpe cha kwao, mchana mpe chetu, jioni muulize. Asubuhi mtu hataki majaribio. Anataka alichozoea tangu utoto. Mchana samaki ni wabichi, wametoka mwaloni alfajiri, na tumbo lina saa nyingi za kukishughulikia kitu kipya. Jioni amechoka, na hapo ndipo hamu ya nyumbani humkamata. Hata Bangkok na Chiang Mai mambo huenda hivyohivyo: wageni wengi wanaoishi huko hula chakula cha Kithai mchana kwa sababu ni rahisi na kiko kila kona, kisha siku mojamoja wanatafuta piza au nyama ya kuchoma ya kwao, ambayo huwagharimu zaidi kwa kuwa jibini na nyama nzuri vinaagizwa kutoka nje. Hapa kwetu siagi na jibini hutoka mbali na hupigwa na joto njiani. Anayetaka vya kwao mara tatu kwa siku aelezwe gharama mapema, kabla hajaletewa hesabu ya mwezi.

Maswali ya siku ya kwanza

Usimuulize kama anapenda chakula chetu. Kwa adabu atasema ndiyo. Muulize kama anakula samaki mwenye kichwa na miiba, pilipili kiasi gani, na kitu gani kikimgusa anaumwa. Swali la karanga usiliruke hata kidogo. Huku karanga huingia kwenye kisamvu, kwenye mchicha, hata kwenye mchuzi, na kwa mwenye mzio kijiko kimoja kinaweza kuua. Asiyekula ngano ni rahisi kumhudumia: ugali wa muhogo, ugali wa mahindi na wali havina gluteni, ila usimkaangie samaki aliyepakwa unga wa ngano. Anayekula mboga tu, dagaa ni nyama kwake, na kuondoa vipande vya nyama kwenye mchuzi hakuufanyi mchuzi kuwa wa mboga.

Baada ya hapo sahani ndiyo itakayokujibu. Mafuta yakituama ukingoni, umezidisha mafuta. Samaki aliyeliwa upande wa juu tu maana yake miiba imemshinda. Ugali uliochokonolewa katikati na kuachwa, tonge lilikuwa kubwa au mchuzi haukutosha. Kesho yake muulize moja kwa moja: "Dada, jana samaki ulimwacha. Ni chumvi au mafuta?" Swali la namna hiyo hujibiwa kwa ukweli.

Mawese na mgebuka

Mawese ndiyo sifa ya Kigoma, na ndiyo humwogopesha mgeni akikutana nayo vibaya. Tatizo mara nyingi ni kiasi, au mawese ya zamani. Onja kabla ya kununua: mazuri yana harufu ya tunda na rangi nyekundu ya machungwa, yaliyochacha hukwaruza koo na hunuka ukali. Kwa nusu kilo ya samaki anza na vijiko viwili vya chakula vya mawese ukichanganya na kimoja cha alizeti. Ongeza kila wiki kadiri sahani inavyorudi tupu. Tumbo lisilozoea mafuta mengi huharisha, na mtu akiharisha mara moja hatayagusa tena mwaka mzima.

Mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, mnunue asubuhi kwenye mwalo wa Kibirizi au Katonga. Jicho liwe limetokeza na kung'aa, shavu jekundu, tumbo gumu ukilibonyeza. Kwa mgeni anayeogopa miiba, toa minofu: kata nyuma ya shavu hadi ufikie mfupa, laza kisu, kisha kiteleze kuelekea mkiani kikigusa uti wa mgongo. Kichwa na mfupa vitunze kwa supu. Minofu ipake chumvi na ndimu, dakika kumi na tano tu. Ukiilaza saa nzima ndimu huipika, nyama inakuwa nyeupe na kuvunjikavunjika kikaangoni. Ikaushe kwa kitambaa, ipake unga mwepesi, halafu tia kwenye mafuta yaliyochemka sawasawa. Dondosha chembe ya unga: ikichemka papo hapo, tia samaki. Dakika tatu au nne kila upande, vipande visibanane. Wakibanana mafuta hupoa, samaki hunywa mafuta na kushika chini. Makosa mengi ya "samaki wa mafuta" yanaanzia hapo.

Mpe na ugali wa muhogo wa ukubwa wa ngumi, asiogope mlima. Unga uwe wa muhogo uliovundikwa na kukaushwa vizuri juani, kwa sababu muhogo mchungu mbichi una sumu. Akitaka chipsi za muhogo, tumia mtamu peke yake. Kisamvu nacho ukitwange hasa, ukichemshe bila mfuniko karibu saa nzima, ndipo utie nazi au karanga. Kachumbari ndiyo huwaangusha wageni kuliko pilipili: nyanya na vitunguu vioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, na vikatwe dakika za mwisho.

Vya kwao, kwa vitu vya sokoni

Mkate wa dukani una sukari, na wengi hawautaki. Unga wa ngano nusu kilo, maji mililita 320, hamira kijiko cha chai kimoja na nusu, chumvi vivyo hivyo. Kanda dakika kumi, uumuke saa moja, uufinyange, uumuke tena nusu saa. Bila oveni, tumia sufuria nzito iliyopashwa: mkaa kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko, dakika 35 hadi 40. Chini pakiungua na juu pakabaki peupe, umegeuza moto.

Jibini laini inapatikana nyumbani. Lita mbili za maziwa freshi zikianza kuchemka, epua, mimina vijiko vinne vya chakula vya maji ya ndimu kidogokidogo huku ukikoroga taratibu mpaka maji yatengane na yawe ya kijani hafifu. Chuja kwa kitambaa safi, tia chumvi, kandamiza kwa saa moja. Maziwa yaliyotiwa maji hutoa kidogo mno, na ya boksi hutoa chembe zisizoshikana.

Nyama ya ng'ombe ni kesi nyingine. Ng'ombe wetu ametembea sana, na bucha huuza asubuhi ileile ya kuchinja, hivyo kipande kinene cha kuchoma kitakuwa kigumu ukikichoma siku hiyohiyo. Nunua sarara, ilaze kwenye friji siku mbili ikiwa imefunikwa, ikate kukingama na nyuzi. Huna friji au umeme haueleweki? Papai bichi lililokunwa, kijiko kimoja cha chakula kwa nusu kilo, nusu saa, kisha lifute. Likikaa zaidi nyama inakuwa uji.

Akiomba Kithai

Wafanyakazi wengi wa mashirika wamepitia Asia, na baadhi yao jioni hawaulizii viazi, wanaulizia chakula cha Thailand. Hapa Kigoma ina bahati kuliko inavyodhaniwa: mchaichai, tangawizi, ndimu, pilipili, giligilani, mrehani na ukwaju vyote vipo, nazi huletwa, na kinu kiko kila nyumba. Kinachokosekana ni mchuzi wao wa samaki waliochachishwa kwa chumvi. Chemsha konzi ya dagaa wakavu katika vikombe viwili vya maji na kijiko cha chakula cha chumvi hadi ibaki nusu kikombe, uchuje. Hautafanana kabisa, lakini utaipa sahani ule mzizi wa ladha.

Anza na somtam, saladi yao ya papai bichi, kwa sababu vitu vyake ni vyetu. Kwa watu wawili, kata papai gramu 300 nyuzinyuzi nyembamba, loweka dakika kumi kwenye maji safi baridi kutoa utomvu, uchuje. Kwenye kinu twanga punje mbili za kitunguu saumu na pilipili moja hadi tatu; ongeza kijiko cha sukari guru, maji ya ndimu mbili, kijiko kimoja cha mchuzi wa dagaa. Tia nyanya ndogo nne, maharage machanga machache na papai, ubonde polepole ukigeuza kwa kijiko. Juu yake nyunyiza karanga za kukaanga na vijiko viwili vya dagaa waliokaangwa wakakauka. Wenyewe hutumia kamba wakavu. Iliwe palepale, kwani baada ya robo saa papai hutoa maji na ladha inapooza. Papai lililoanza kuwa la njano ndani halifai. Na kwa mwenye mzio wa karanga, usiziweke tu kando: osha kinu kwanza.

Pangia pia siku ambazo ziwa halitoi. Kwenye mbalamwezi dagaa hupungua maana huvuliwa kwa taa gizani. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na waliokuwa hawajaweka akiba waliona bei. Kausha dagaa wa kutosha mapema, uwafunge kwenye ndoo isiyoingiza hewa, na uwatoe juani kila wiki mbili. Siku za katikati jaza kwa maharage, mayai, kuku wa kienyeji, na wali wa Tabora, ambao mgeni yeyote anauelewa bila kufundishwa.