Somo: Kumasta singeli kwa ajili ya simu, bajaji na spika za kigodoro (sherehe ya mtaani ya usiku)

Kumasta ni kuupa wimbo uliokwisha kuchanganywa umbo lake la mwisho kabla ya kuutoa. Singeli, muziki wa kasi wa Dar es Salaam, huenda kwa mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, kwa hiyo mipangilio iliyoandaliwa kwa muziki wa hausi, unaozunguka mapigo 120 hadi 130, huiharibu.

Hatua ya 1. Toa miksi bila limita (kifaa kinachozuia sauti isivuke ukomo) kwenye chaneli kuu, kilele kikiwa karibu na desibeli -6.

Hatua ya 2. Kata kilicho chini ya Hz 30, kwani spika nyingi za mtaani haziwezi kukitoa, ilhali amplifaya hupoteza nguvu kukisukuma. Kisha yaweke katika mono (sauti ileile kushoto na kulia) masafa yote yaliyo chini ya Hz 120, maana mifumo mingi ya kumbi huunganisha besi ya kushoto na ya kulia, na besi iliyotanuliwa kwa stirio huweza kujifuta yenyewe.

Hatua ya 3. Hapa pana kazi. Kwenye mapigo 240, pigo moja hudumu milisekunde 250 tu. Kompresa, yaani kifaa kinachobana sauti kubwa, ikiachia kwa milisekunde 300, hukutwa na pigo linalofuata ikiwa bado imebana, na ngoma hupoteza makali. Anza na milisekunde 20 za kushika (attack), ili kichwa cha pigo kipite, na 80 za kuachia (release), kisha utazame mshale wa kompresa kama unarudi sifuri kabla ya pigo jingine. Usishuke sana kwenye kuachia: wimbi moja la Hz 40 huchukua milisekunde 25, na kompresa yenye kasi kuliko hapo hulifuata wimbi lenyewe, besi ikaanza kukwaruza.

Hatua ya 4. Weka limita, ukomo desibeli -1, kwa sababu kugeuza faili kuwa MP3 hupandisha vilele.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, besi yangu haisikiki kwenye simu. Niiongeze?

Jibu: Hapana, ndugu. Spika ya simu haitoi Hz 50 hata ukiipandisha vipi, na kwenye kigodoro utafunika sauti ya MC. Ongeza uchafu kidogo wa sacharesheni (kuikwaruza sauti kidogo ili izae masafa ya juu yake) uzae Hz 100, 150 na 200. Sikio litakisia besi iliyokosekana.

Swali: Spotify hushusha nyimbo hadi LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika). Kwa nini nihangaike kuipandisha zaidi?

Jibu: Kwa sababu faili hilo hilo litamfikia DJ kwa WhatsApp, na huko hakuna wa kusawazisha. Mimi huishia karibu na -9. Zaidi ya hapo ngoma hulala.