Sailensa mpya? Njoo na sumaku

Wenzangu wenye magari makubwa hapa Mombasa, hewa yetu ya chumvi hula sailensa upesi mno. Basi kabla hujalipa, bandika sumaku. Chuma cha pua cha daraja la 304 hakishiki sumaku, au hushika kidogo sana. Cha 409 hushika barabara, ni cha bei nafuu, lakini huota kutu mapema. Kwa pwani hii mimi nachagua 304 bila kusita.

Hakikisha tundu dogo la kutolea maji limekaa upande wa chini. Safari fupi, kama Kongowea hadi Mwembe Tayari, haziipashi sailensa moto wa kutosha kukausha maji, nayo huoza kutokea ndani.

Fundi akitaka kuchomelea, mwambie achomoe kwanza waya wa hasi wa betri, kompyuta ya gari isije ikaungua. Raba za kuning'inizia badilisha zote.

Mwisho, washa injini ikiwa bado baridi, pakaza maji ya sabuni kwenye maungio. Ukiona mapovu, panavuja. Mrudishe fundi chini ya gari palepale, maana moshi huo huweza kupenya hadi ndani walikoketi watoto.