Bunduki ya nkambo: papye kwanza, nikeli kisha

Kama nkambo wenu alikuwa Force Publique, jeshi ya Kongo ya wakati wa koloni, na akawaachia bunduki Mauser ya 1889, ile FN, kiwanda ya silaha, ilitengeneza kule Herstal pembeni ya Liège, na munataka ing'are nikeli sawa ya parade, tafazali musikimbilie atelie. Sheria ya silaha iko, ordonansi-loi 85-035 ya 1985, na askari wa patrui mu njia za Lubumbashi hawezi kujua kama unabeba kumbusho la famille. Bunduki ibakie nyumbani, weye enda na karatasi ku biro ya ruhusa ya silaha.

Barua ya kuomba ruhusa, kadi ya mpiga kura, foto, papye ya mwenendo mwema ya komini, hizo munazijua. Ile ya kuchelewesha ni prose-verbali ya famille, karatasi ya makubaliano yenye kuonyesha kama ni weye balikuachia: tafuta sinyatire za wajomba mapema, juu mumoja akiwa Kolwezi dosye yote inamungojea.

Sasa nimero yenye kuchongwa ku bunduki. Hapa ndipo dosye yetu ililala. Fundi wa nikeli anaanza na polisaje, ni kusugua chuma mpaka ing'are, na polisaje inakula maandishi. Atelie moja ilisugua Mauser yetu mpaka nimero ikabaki nusu, siku ya ukaguzi bakaangalia foto ya mwanzo, bakaangalia chuma, bakasema hii si bunduki yenye iko mu barua. Na haki beko nayo, juu nimero yenye kufutwa inafanana na mambo ya wizi. Kwa hiyo piga foto ya nimero zote, ya ku kulasi (chuma ya nyuma yenye kufunga risasi) pia, karibu na mu mwanga wa jua, ziingie mu dosye mbele fundi hajagusa kitu. Omba ruhusa ya kuipeleka ku atelie iandikwe na nimero ile ile, na polisi aangalie kama haina kartushi ndani. Fundi naye aandike ku fakture: maandishi hayasuguliwe.

Tena umwambie hivi, kanoni (mtutu) ya 1889 imevaa tube nyembamba ya chuma, asidi ikiingia katikati haitoke na kutu itaikula toka ndani, basi tube itolewe ao izibwe sana. Resori (springi) zisipakwe nikeli hata kidogo, idrojeni inaingia mu chuma kigumu na resori inakatika.

Ikirudi, peleka foto mpya mu biro bazilinganishe na zile za kwanza, bapige kashe, ndipo utoboe ukuta ya kuitundika.